Elimu ya Kilimo Bila Maadili: Faida ya Nani?

Mwezi wa Mei mwaka wa 2024 nchi hii ilizozana juu ya jani. Jani lenyewe ni muguka, ambalo kila mkazi wa pwani analijua, awe analitafuna au analilaani. Serikali za kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilitangaza, moja baada ya nyingine, kwamba muguka hautaingia wala kuuzwa tena katika sehemu zao. Wakulima wa Embu, hasa wa upande wa Mbeere, wakapiga kelele kwamba wamekatiwa riziki. Kabla ya mwezi kwisha, Rais William Ruto alikutana na viongozi wa Embu akasema kwamba amri hizo hazina nguvu, kwa kuwa Sheria ya Mazao ya mwaka wa 2013, pamoja na kanuni za miraa za mwaka wa 2023, inautambua muguka kuwa zao halali. Iliahidiwa vile vile kwamba shilingi milioni 500 zitatengwa kuliendeleza zao hilo. Nayo Mahakama Kuu ya Embu ikaisimamisha marufuku ile mpaka kesi isikizwe.

Katika zogo hilo tuliwasikia magavana, wabunge, mawakili na wafanyabiashara. Tuliwasikia maimamu kwenye mimbari, na akina mama wakiwalilia watoto wao. Sauti iliyosikika kwa uchache mno ni ya yule ambaye, kwa kazi yake, angalipaswa kuwa wa kwanza kuulizwa: mtaalamu wa kilimo mwenye shahada ya chuo kikuu.

Kwa nini alikaa kimya? Mtu huyo ukimuuliza miche ya muguka ipandwe kwa nafasi gani, au itiwe samadi kiasi gani, atakujibu bila ya kusita. Ukimuuliza kama yafaa taifa litoe mamilioni ili muguka uzidi, atakuambia kwamba hilo si somo lake. Nenda kwa wanasiasa au kwa masheikh. Amefundishwa hivyo. Amefundishwa kwamba kilimo ni hesabu ya magunia kwa ekari, na kwamba mema na mabaya ni mambo ya watu wa dini. Shabaha ya makala haya ni kuonyesha kwamba mafundisho ya namna hiyo yana kasoro, na kwamba kasoro hiyo inatugharimu sote, tulimao na tulao.

WOTE WAWILI WASEMA KWELI

Tuanzie hapo hapo kwenye muguka. Mbeere ni nchi kavu. Mvua zikichelewa mahindi hukauka, lakini muguka hustahimili, na mkulima huuchuma mara kwa mara akapata fedha za mkononi. Karo za shule zimelipwa kwa jani hilo, na nyumba za mabati zimejengwa. Mkulima yule si mwovu. Alitafuta zao la kumfaa katika ardhi aliyopewa na Mungu, akalipata.

Huku kwetu, mama wa Kisauni au wa Likoni anamwona mwanawe wa miaka kumi na minane akishinda maskani, kisha akirudi usiku hana usingizi, hana hamu ya chakula wala ya kazi. Fedha ndogo aliyoipata kutwa imekwishia shavuni. Mama huyo naye si mwongo. Wahenga walisema kwamba mchuma janga hula na wa kwao. Lakini hapa anayechuma yuko mbali, na wanaokula janga ni wa kwetu.

Basi nani ana haki? Mizani ya kupimia magunia haiwezi kulijibu swali hili, kwa kuwa faida ya Mbeere na hasara ya Kisauni hazipimwi kwa kipimo kimoja. Panahitajika mtu anayeujua udongo wa Mbeere na mvua zake, anayeweza kusema ni zao gani jingine lingempa mkulima yule riziki ya karibu na hiyo, baada ya misimu mingapi, na kwa gharama ya nani. Mtu huyo awe anatambua pia kwamba analoulizwa ni jambo la haki baina ya watu wasioonana: mmoja anauza, wa pili anaumia. Mtu wa namna hiyo hutoka chuo kikuu, ikiwa chuo kikuu kimekusudia kumlea. Hazuki tu.

SAYANSI HAINA UPANDE?

Wako wahadhiri wasemao kwamba sayansi haina upande. Mbegu, wasema, haijui dini wala kabila. Ni kweli kwamba mbegu haijui. Lakini aliyeamua ni mbegu gani ifanyiwe utafiti, na kwa fedha za nani, yeye anajua. Historia yetu wenyewe yashuhudia.

Chuo Kikuu cha Egerton, ambacho ni kikongwe wa elimu ya kilimo katika Kenya, kilianza Njoro mwaka wa 1939 kama shule ya ukulima. Mwanzilishi wake alikuwa Lord Maurice Egerton wa Tatton, na waliokusudiwa kufundishwa ni vijana wa Kizungu. Mwafrika aliyeinamia jembe katika mashamba yale hakuwa mwanafunzi, alikuwa kibarua. Nyakati zile zile Mwafrika katika sehemu nyingi za nchi alikuwa akizuiwa kupanda kahawa, hata mlango ulipoanza kufunguliwa katika miaka ya 1950, hasa kwa mpango wa Swynnerton wa mwaka wa 1954. Baadaye chuo cha Njoro kikawapokea watu wa rangi zote, na mwaka wa 1987 kikawa chuo kikuu kamili.

Je, udongo wa Njoro ulibadilika? La hasha. Kanuni za kupanda ngano zilibaki zile zile. Kilichobadilika ni jibu la swali moja: elimu hii ni ya nani? Swali hilo ni la maadili, nalo lilikuwamo darasani tangu siku ya kwanza, ijapokuwa halikuandikwa ubaoni.

Huenda mtu akasema kwamba hayo yalikuwa ya ukoloni, nao umekwisha. Basi tuitazame Marekani, ambayo vyuo vyake vya kilimo vimeigwa dunia nzima. Mwaka wa 1862 nchi hiyo ilitunga Sheria ya Morrill, iliyoyagawia majimbo ardhi ya kuuza ili yaanzishe vyuo vya kuwafundisha watoto wa wakulima na wa mafundi. Mwaka wa 1887 ikatungwa sheria nyingine ya kutoa fedha za vituo vya utafiti wa kilimo. Nia iliyotangazwa ilikuwa njema: mtu wa kawaida apate elimu iliyokuwa ya matajiri peke yao. Hata hivyo, ardhi hiyo iliyogawanywa ilikuwa imetoka mikononi mwa wenyeji wa asili, na hao hawakuulizwa.

Miaka mingi baadaye, katika Chuo Kikuu cha California huko Davis, mtaalamu wa mimea Jack Hanna na mhandisi Coby Lorenzen walitoa vitu viwili vilivyokwenda pamoja. Kimoja ni mashine ya kuvuna nyanya. Cha pili ni aina ya nyanya ngumu isiyopasuka ikiguswa na chuma. Katika miaka ya 1960 mashine hiyo ilienea kwa kasi, na nyanya za viwandani zikapatikana kwa wingi. Lakini bei yake ilikuwa kubwa, mkulima mdogo hakuiweza. Wakulima wa nyanya wa jimbo lile, ambao mwanzoni mwa miaka hiyo walikuwa kiasi cha 4,000, walibaki kiasi cha 600 mwaka wa 1973. Vibarua kwa maelfu wakakosa kazi.

Mwaka wa 1979 watetezi wa wakulima wadogo na wa vibarua walikishtaki chuo hicho, wakidai kwamba fedha za umma zimetumiwa kuwanufaisha wachache. Mwaka wa 1987 hakimu alikubaliana nao kwa sehemu. Mwaka wa 1989 mahakama ya rufani ikautengua uamuzi huo, chuo kikashinda. Kwa sheria, mambo yakaishia hapo.

Nasi hatuna sababu ya kuwahukumu Hanna na Lorenzen kuwa watu wabaya. Walipewa tatizo, wakalitatua kwa ustadi. Funzo liko kwingine. Katika kazi ile ya miaka mingi palikuwa na kanuni ya kupima ugumu wa ngozi ya nyanya, lakini hapakuwa na kanuni ya kumlazimu mtu aulize mapema: mashine hii ikifaulu, nani atapata na nani atakosa? Swali hilo lililetwa na mawakili, baada ya wenye kukosa kwisha kukosa.

MAHINDI YA MTWAPA, MINAZI YA KILIFI

Turudi nyumbani. Kituo cha utafiti cha Mtwapa kimetoa mbegu za mahindi zilizokusudiwa hali ya hewa ya pwani. Mathalan Coast Composite katika miaka ya 1970, na baadaye Pwani Hybrid. Ni mbegu nzuri na zimewafaa wengi. Hata hivyo, wakulima wengi wa Kilifi na Kwale wameendelea kupanda mbegu za wazee wao, kama vile Mdzihana na Mingawa. Bwana shamba asiyejua kusikiliza atasema kwamba huo ni ukaidi.

Mkalishe mkulima huyo kitako, umuulize kwa adabu, naye atakupa sababu zake. Mahindi yale yamefunikwa vyema na maganda yake, kwa hivyo fukusi hawayaingii upesi. Yanakaa darini. Unga wake una ladha anayoitaka. Na mbegu yake hainunuliwi dukani kila msimu. Mtaalamu anahesabu magunia ya siku ya kuvuna. Mkulima anahesabu vibaba vitakavyobaki mwezi wa njaa. Kila mmoja ana kipimo chake, na kila kipimo kimebeba jambo ambalo mwenyewe anaona ni bora. Usiache mbachao kwa msala upitao, wasema wazee, na msemo huo si uvivu wa fikira. Ni hadhari ya mtu ambaye akikosea hana akiba benki.

Tuutazame mnazi nao. Kwa daftari la darasani, mnazi mzee usiozaa sana hukatwa ukapandwa mwingine. Lakini hapa pwani mnazi unaweza kuwa na mwenyewe, na ardhi uliosimama ikawa na mwenyewe mwingine. Mnazi huwekwa rehani, hurithiwa na ndugu kumi, na mashamba mengine ni wakfu, mazao yake yamewekewa msikiti au mayatima. Akija kijana na shahada yake na msumeno bila ya kuyajua hayo, hatauongeza uzazi wa minazi. Ataanzisha ugomvi wa ukoo mzima.

Kisha kuna suala la tembo. Mwanafunzi akipewa hesabu ya kulinganisha mnazi unaogemwa na mnazi unaoachwa uzae nazi, huenda hesabu ikaelekea upande wa tembo, kwa kuwa fedha yake ni ya kila siku. Mwanafunzi Mwislamu atasema kwamba hilo kwake ni haramu, halina mjadala. Mwenzake Mgiriama, ambaye kwao tembo lina mahali pake katika mahari na matanga, ataona kwamba jambo la heshima katika jamii yake linadharauliwa. Wawili hao wamekaa dawati moja, na kesho watatumwa tarafa moja.

Mwalimu wao afanye nini? Akinyamaza, fedha ndiyo itakayoamua, na hapo atakuwa amewafundisha maadili bila ya kusema neno: kwamba lenye faida kubwa ndilo lililo sawa. Afadhali aliweke swali mezani. Kila mmoja aeleze lake, asikie na la mwenziwe, kisha wote warudi kwenye mti wakitafuta vitu vingine unavyoweza kutoa: mbata, mafuta, makumbi, kamba, makuti. Hawataafikiana juu ya tembo. Lakini wataingia kijijini wakijua kwamba wanayemshauri ni mtu mwenye imani yake na heshima yake.

HAZINA TULIYO NAYO

Sisi Waislamu wa pwani si watu wa kushangaa tukiambiwa kwamba kilimo na maadili haviachani. Mtoto aliyesoma chuoni, na hapa nasema chuo cha Kurani, amekwisha kufundishwa kwamba mtu akipanda mti, binadamu, ndege au mnyama akala matunda yake, mpandaji huandikiwa sadaka. Amefundishwa pia zaka ya mazao: shamba linalonyweshwa na mvua hutolewa sehemu moja katika kumi, na linalonyweshwa kwa kazi na gharama hutolewa sehemu moja katika ishirini.

Itazame hesabu hiyo kwa makini, ndugu msomaji. Jasho la mkulima limehesabiwa, kwani aliyeteka maji hatozwi sawa na aliyeteremshiwa mvua. Haki ya maskini nayo imehesabiwa. Mambo mawili hayo yamo katika tarakimu moja. Huo ni uchumi wa kilimo ambao haukumwacha fakiri nje ya daftari, na ulifundishwa mikekani kabla ya vyuo vikuu vyetu kujengwa.

Wala wanazuoni wa Kiislamu hawakuishia kwenye zaka. Katika karne ya 12 Ibn al-Awwam wa Seville, huko Andalusia, aliandika Kitab al-Filaha, kitabu kikubwa juu ya udongo, maji, miti, nafaka na mifugo. Alikusanya maneno ya waliomtangulia, Waislamu na wasiokuwa Waislamu, na mengine akayajaribu mwenyewe shambani kabla ya kuyaandika. Uaminifu wa namna hiyo, wa kutomwambia mkulima jambo ambalo hukulijaribu, ni maadili na ni sayansi kwa pamoja.

Hata hivyo, chuo kikuu cha umma si chuo cha Kurani, wala hakipaswi kuwa. Humo wamo Wakristo, wamo wafuasi wa dini za jadi, na wamo wasiofuata dini yoyote. Wazee wa Kimijikenda waliotunza misitu ya kaya, ambayo UNESCO iliitia katika Urithi wa Dunia mwaka wa 2008, wana mafundisho yao juu ya mti usiokatwa na sababu ya kutokatwa. Kila mwanafunzi na aingie darasani na hazina ya kwao. Lililo muhimu ni kwamba asiamriwe kuiacha mlangoni.

AMANA IKIVUNJIKA

Mwaka huo huo wa 2024, wakati wa mvua za masika, ilidhihirika kwamba baadhi ya magunia yaliyouzwa kwa wakulima chini ya mpango wa ruzuku hayakuwa na mbolea ya kustahili jina hilo. Serikali ilikiri kwamba mbolea duni imewafikia wakulima, ikaahidi fidia. Nani mwenye makosa ni jambo la mahakama, wala si kazi ya ukurasa huu. Sisi tuifikirie tu njia ya gunia lile. Yuko aliyelijaza. Yuko aliyelipima, au aliyepaswa kulipima. Yuko aliyelipigia muhuri, na aliyelipokea ghalani. Nyingi katika kazi hizo hufanywa na watu waliosoma. Ni vigumu kuamini kwamba kilichopungua ni ujuzi wa kemia. Mkulima aliitia mbolea ile shambani kwa kuamini karatasi, akapoteza msimu ambao hakuna fidia itakayourudisha.

Tuchukue na jambo la mbegu. Sheria ya mbegu, baada ya kurekebishwa mwaka wa 2012, iliweka adhabu kali kwa wanaouza au kubadilishana mbegu zisizosajiliwa. Mwaka wa 2022 kundi la wakulima lilikwenda mahakamani, likisema kwamba kupeana mbegu na jirani ni desturi ya kale na ni haki yao. Mwezi wa Novemba mwaka wa 2025 Mahakama Kuu ikaamua upande wao. Waliotetea sheria ile walikuwa na hoja: mkulima alindwe na walaghai wanaouza mbegu mbovu. Waliopinga nao walikuwa na hoja: mbegu ya bibi haipaswi kumfanya mtu mhalifu. Wanafunzi wa kilimo wangapi walikaa darasani wakazipima hoja hizo mbili, kila moja kwa uzito wake? Hao ndio watakaoombwa ushauri sheria nyingine itakapotungwa.

YAFANYIKE YAPI?

Wengine wanapendekeza liwepo somo moja la maadili, saa moja kwa wiki, mwaka wa kwanza. Ni bora kuliko kukosa, lakini halitoshi. Mwanafunzi atalikariri kwa ajili ya mtihani, kisha atalisahau kama alivyosahau mengine. Maadili yanapaswa kuwamo ndani ya kila somo. Anayefundisha dawa za kuua magugu afundishe pia juu ya mapafu ya kibarua anayezinyunyiza bila ya kinga, na juu ya kisima kilicho bondeni. Anayefundisha unyweshaji aulize, maji ya Tana au ya Sabaki yakichotwa huku juu, aliye chini karibu na bahari atabakiwa na nini. Anayefundisha ufugaji wa nguruwe ajue kwamba darasani yumo asiyeweza kumshika, ampangie kazi nyingine bila ya kumfedhehesha.

Pili, mwanafunzi akae na mkulima, tena si kwa ziara ya siku moja ya kupiga picha. Chuo Kikuu cha Cape Coast nchini Ghana kilianza mwaka wa 1993 mpango wa kuwapokea mabwana shamba waliokwisha kufanya kazi kwa miaka, kuwaongezea elimu, na kuwarudisha kwa miezi kadhaa kufanya mradi pamoja na wakulima wa kwao kabla ya kupewa shahada. Baadaye mpango wa namna hiyo ulifika hata Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Mtu aliyelala kwa mkulima na kula ugali wake hatamwandikia taarifa ya uwongo kwa urahisi.

Tatu, kila utafiti wa kupatia shahada uwe na ukurasa mmoja wenye maswali matatu: nani atafaidi, nani huenda akaumia, na nani ameulizwa. Hilo halihitaji fedha. Wala si jambo geni katika nchi hii, kwani Katiba ya mwaka wa 2010, katika Kifungu cha 10, imetaja usawa, haki ya kijamii na ushirikishaji wa wananchi kuwa miongoni mwa maadili ya taifa. Na Kifungu cha 43 kimempa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa. Chuo cha umma kinachofundisha kilimo kana kwamba vifungu hivyo havipo kinafundisha nusu ya kazi.

Nne, walimu wenyewe. Mhadhiri anayeuza alama hawezi kumfundisha mtu uaminifu wa mizani. Hapa hapana haja ya maneno mengi.

Najua pingamizi litakalotolewa. Watasema kwamba njaa haingoji mijadala. Watu wanaongezeka, mashamba yanapungua, kinachotakiwa ni chakula kingi na upesi. Ni pingamizi zito. Mkulima ni mmoja, walaji ni wengi. Lakini kulisha watu ndilo jambo la maadili lililo kubwa kupita yote katika kilimo, na anayelitaja njaa kuwa sababu amekwisha kuingia katika mjadala anaoukataa. Tena njaa ya pwani mara nyingi haikuletwa na ukosefu wa mbegu peke yake. Iko katika ardhi isiyo na hati, katika barabara mbovu, katika bei anayopangiwa mkulima na dalali. Mtaalamu anayejua mbegu tu atazidisha mavuno ya shamba ambalo mwenyewe huenda akafukuzwa mwakani.

Wakati nao umefika. Watoto wa kwanza wa Mtaala wa Umilisi, ambao tangu shule ya msingi wamefundishwa kilimo na wamefundishwa maadili kama vile uwajibikaji na haki ya kijamii, wanatazamiwa kuingia vyuo vikuu mwaka wa 2029. Itakuwa ajabu wakifika huko waambiwe kwamba nusu ya waliyofundishwa ilikuwa ya watoto wadogo.

Kwa wazazi wa pwani nina neno la mwisho. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, mlangoni petu. Kabla ya kuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Kenyatta mwaka wa 2007, na kabla ya kupewa hati yake mwaka wa 2013, mahali pale palikuwa chuo cha kilimo, na kilimo kingali kikifundishwa hapo. Lakini wengi wetu tukipata mtoto mwenye akili, twamtaka awe daktari, wakili au mtu wa benki. Kilimo twamwachia aliyekosa alama. Kisha bwana shamba akija na ushauri usiojua wakfu, usiojua mirathi ya minazi, usiojua kwamba mkopo wenye riba hatuutaki, twalalamika kwamba serikali haitujali.

Maadili hayaingii darasani yenyewe. Huingia na mtu aliyeyabeba. Tukitaka shamba la kesho lilimwe kwa haki tunayoijua, na twawapeleke watoto wetu mahali ambapo shamba hilo linafundishwa, tena tuwapeleke walio bora.